Mchinjaji wa Kombania

Vijana wa maduka ya simu hapa mtaani kwetu Kariakoo, wakisikia kwamba nilijitolea vita ya Uganda, hunivutia kiti na kuniagizia kahawa. Wanataka habari za mizinga. Mimi, kwa rehema za Mwenyezi Mungu, nina habari za mbuzi.

Nilikuwa kijana niliyetoka kuhitimu chuo cha Kurani. Siku ya kuondoka nilimwomba Mungu anipange mstari wa mbele. Mama naye aliomba lake, wala hatukuambiana.

Kule mpakani, ng'ombe wa kwanza wa kombania yetu alichinjwa na askari mmoja Mkristo kutoka Songea, mtu mwema, aliyeona tunachelewa. Waislamu tukaiacha nyama, tukala ugali mkavu. Kamanda, Mkristo pia, alikasirika. Alisema kwao hata arusi ya kanisani huitwa Mwislamu achinje ili kila mgeni ale. Iweje askari wake walale njaa? Akauliza nani amesoma dini. Wenzangu wakanisukuma mbele.

"Sheikh, silaha yako hii hapa," akasema, akanipa kisu.

Nilimsihi sana. Nikamwambia nimekuja kupigana. Akajibu kwamba wote wamekuja kupigana, na wote wanakula.

Basi wenzangu wakienda mbele, mimi nilibaki nyuma na mifugo. Kule kibla ni kaskazini, na adui alikuwa kaskazini vilevile, kwa hiyo kila mbuzi niliyemlaza alimkabili adui kwa niaba yangu. Waliniita Afande Mbuzi. Wapo walionitania hivyo asubuhi wakiosha sahani zao, na jioni nikapakua chakula, sahani zao zikabaki tupu. Hata hapo niliendelea kuomba nipelekwe mbele. Mungu alinisikia kwa subira, hakunipeleka.

Vita ilipokwisha nikarudi. Majirani walijaa uani kumpokea shujaa. Mama hakunikumbatia kwanza. Alinishika mikono, akavigeuza viganja, akavitazama.

"Umeua mtu, mwanangu?"

"Hapana, mama," nikasema kwa sauti ya chini, majirani wasisikie.

Akaketi mkekani, akalia, akashukuru. Ndipo akanieleza kwamba tangu siku niliyoondoka alikuwa akiomba nisimwage damu ya mtu, na akaweka nadhiri: nikirudi hivyo, atachinja mbuzi awalishe jirani. Kumbe dua zetu mbili zilipanda kwa pamoja muda wote ule, na ya mwenzangu ndiyo iliyokubaliwa.

Mbuzi mwenyewe alikuwa keshafungwa kwenye nguzo ya ua, ananitazama. Nikauliza ni nani aliyeitwa kumchinja. Mama alilishangaa swali hilo. Akaingia jikoni, akatoka na kisu.

"Aitwe nani tena? Si wewe umesoma?"

Nikakunja mikono ya shati langu la jeshi, nikamgeuza mbuzi kibla.