Kumngoja Daktari Woolwich

Nilipopiga simu zahanati ya Woolwich, hapa London, kutaka daktari, dada wa mapokezi alinipangia muuguzi. Alisema huyo amesomea kutibu na kuandika dawa kabisa. Nikajiuliza, kwa nini mimi? Ni lafudhi yangu? Au nimejieleza kwa utulivu mno, nikaonekana sina ugonjwa?

Shangazi yangu, anayetunza wazee huko Ilford, hakusaidia. "Muuguzi? Kwani unaenda kuchanjwa? Haya nenda, lakini maneno yako mwekee daktari."

Nilimwelewa. Kwetu Dar muuguzi hukupima uzito na presha, kisha unakaa kwenye benchi kungoja kuitwa na daktari, na kwake ndiko unakoeleza kinachokusumbua. Kwa hiyo nilipoingia kwa yule muuguzi, mama wa makamo, naye akaniuliza kulikoni, nilisema moyo unaenda mbio kidogo. Sikusema kwamba juzi, kwenye ngazi za stesheni, ulisita, giza likanifunika, nikazinduka nimekumbatia miguu ya mtu nisiyemjua.

Alisikiliza kifua. Akauliza habari za usingizi, kahawa, kazi ninayotafuta tangu nimalize chuo. Akauliza kama nimewahi kuzimia. Nikasema hapana, swali hilo niliona ni la daktari.

"Naona ni wasiwasi," alisema. "Ukizidi, rudi."

Nikashukuru, nikatoka, nikakaa tena kungoja zamu yangu. Watu wakaingia na kutoka. Mwishowe dada wa mapokezi akaniita. "Unamngoja nani?"

"Daktari."

"Si umeshatibiwa?"

Kumbe wasiwasi ndio lilikuwa jibu lenyewe, na limetolewa bila habari ya ngazi. Basi lilikuwa jibu la mtu mwingine, mwenye afya kuliko mimi.

Muuguzi alipotoka kuita mgonjwa, nilimwendea. "Nilizimia," nikasema. "Juzi."

"Na mimi nilikuuliza nini?"

Alimwomba mgonjwa wake radhi, akanirudisha ndani, akanibandika nyaya za mashine ya moyo kifuani. Ile karatasi iliyotoka aliitazama kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda.

"Nataka daktari aione sasa hivi," akasema. "Usiondoke."

Nikarudi kwenye kiti kilekile. Sasa nilikuwa na daktari niliyemtaka, na nikaanza kujiuliza kwa nini ameitwa.

Simu ikaita. "Umeshamwona daktari?" shangazi akauliza.

"Ndio namngoja."

"Afadhali, mwanangu," akasema, na nikamsikia akishusha pumzi. Mimi macho yangu yalikuwa mlangoni.