Mejumaa na Mtoto Aliyemwita Kila Mgeni Mama

Naikataa bado habari hii. Leo asubuhi nimeshika simu nimpigie Mejumaa, nimuulize ameamkaje. Ndipo nikakumbuka kuwa jana tumemzika, kwao Tiwi.

Inna lillahi. Homa ya wiki mbili tu, jamani!

Kwa msiomjua: alikuwa mlezi mwenzangu kwenye makao ya watoto hapa Diani. Miaka kumi na moja tumefanya shift pamoja.

Nilipoanza kazi palikuwa na mtoto wa miaka miwili, nitamwita Tatu. Watalii wakija kututembelea, anawapandia mapajani, anawaita mama. Sote tukisifu: mtoto mchangamfu huyu!

Mejumaa hakusifu. Aliniambia tukianua nguo, "Riziki, mtoto wa umri huu akimwendea kila mtu sawasawa, ujue hana wake. Huyu anatafuta."

Mambo ya makuzi ya mtoto tuliyasoma sote chuoni. Sisi tulichukua cheti tukasahau. Yeye aliingia ofisini kwa meneja akaomba kila mtoto mdogo awe na mlezi wake mmoja wa kumwogesha, kumlisha na kumlaza. Na wageni wasiwabebe.

Weh! Meneja aliwaka. "Ukiwakataza kubeba watoto, unadhani watarudi?"

"Hawarudi hata wakibeba, bosi," akajibu kwa upole. "Ndiyo shida yenyewe."

Akapewa warning letter. Nami nilikuwa nimesimama pale pale, na nakiri leo mbele yenu: nilinyamaza. Niliogopea kazi yangu.

Hakuchoka kuomba. Mwishowe meneja akamwambia, haya, jaribu na huyo Tatu mmoja.

Ikapita miezi. Siku moja Mejumaa ana off, anakwenda kumwona mamake. Tatu akamng'ang'ania buibui, akalia mpaka akatapika. Nikakasirika. "Umeona? Umemharibu mtoto!"

Yeye alikuwa analia na kucheka. "Ananililia mimi, Riziki! Sasa ana mtu!"

Akachuchumaa, akamwambia Tatu, "Nakwenda kwa mama. Kesho asubuhi nitakuja." Na kesho yake alifika kabla uji haujaiva.

Taratibu Tatu akaacha kuwarukia wageni. Akawa akiwatazama kwanza, huku amemshika Mejumaa mkono. Meneja aliliona hilo kwa macho yake. Baadaye kila mtoto mdogo akapewa mlezi wake. Mimi nilipewa wawili.

Tatu sasa ni msichana wa miaka kumi na mitatu. Mwaka huu alianza kubamiza milango. Siku moja alimpigia Mejumaa kelele, "Wewe si mama yangu!" Nikainuka nimtie adabu.

"Mwache," Mejumaa akanizuia. "Umri huu anajitafuta yeye ni nani. Tena mtu unayeogopa atakukimbia, huwezi kumwambia hivyo. Huyu anajua simkimbii." Akamwekea chakula, akakifunika, akaketi nje ya chumba mpaka msichana alipotoka mwenyewe.

Jana matangani Tatu alikaa ndani, ubavuni mwa mamake Mejumaa. Jirani mmoja akaja kutoa pole, akamuuliza, "Na wewe mwanangu, marehemu ni nani wako?"

Tatu akainua uso. "Mamangu."

Mamake Mejumaa akamvuta karibu zaidi.

Mejumaa, nisamehe kwa ile siku ya ofisini. Ulisema kweli peke yako, nami nilikuwapo. Mola akupe kauli thabiti, akufanyie wepesi huko uliko.

Pumzika salama, shoga yangu. Shift yako ya leo nimeishika mimi.