Vishada Nilivyovifunga Mimi

Mume wangu alipoingia katika kikundi kidogo cha washika Sabato hapa Nanyala, wale wanaofuata sheria za Kiyahudi, majirani walicheka sana. Alikuwa akipita asubuhi na shali lake jeupe la sala, vishada vikining'inia pembe zote nne. Jirani mmoja akampigia kelele, "Mzee, mtandio huo unampelekea bibi harusi gani?"

"Wako aliyekukimbia," akamjibu, akaendelea na safari.

Kufunga vishada si mchezo. Nyuzi nne zinapitishwa kwenye tundu la pembe, zinakunjwa zinakuwa nane, kisha mmoja ulioachwa mrefu unazizunguka zingine: mara saba, fundo, mara nane, fundo, kumi na moja, fundo, kumi na tatu, fundo. Vidole vya mume wangu vilikuwa vimekakamaa. Alijaribu siku mbili, akatupa uzi chini. Mimi shule niliishia darasa la pili, lakini nimesuka vikapu tangu utoto, na kikapu hakisukwi bila kuhesabu. Nikavifunga vyote vinne, jikoni, maharage yakichemka.

Sabato iliyofuata mzee wa kikundi akavisifu mbele ya watu. Mume wangu akasema amevifunga mwenyewe. Nilikuwa upande wa wanawake, nikatazama magoti yangu. Nyumbani nilipomuuliza, akasema, "Wangenivua shali. Kwao mwanamke hafungi." Samahani hakuisema. Uzi ukikatika, nafunga tena. Sifa anapewa yeye.

Alipougua aliniomba jambo moja tu: azikwe na shali lake. Ndiyo desturi yao, mwanamume anazikwa nalo, ila kishada kimoja kinakatwa kwanza, maana maiti hana tena amri ya kutimiza. Siku ya msiba walimwosha, wakamvika, mzee wa kikundi akaomba mkasi. Nikasema nitakata mimi.

"Hapana, mama. Hii ni kazi ya mikono ya marehemu. Wewe kaa na kina mama."

Nikasema, "Mikono ya marehemu haikufunga hata fundo moja. Nimefunga mimi."

Wakatoka nje, wakanong'onezana, wakarudi wakamvua shali, wakaniachia mimi. Akazikwa na shuka tupu. Majina ya wote waliokuwamo chumbani ninayo kichwani, kuanzia aliyeshika mkasi, hapa siyaandiki. Mwanangu mkubwa tangu siku ile ananisalimia kama mgeni. "Mama," aliniambia, "si ungemeza siku moja zaidi?"

Baada ya mavuno akaja mwalimu mgeni, msomi wa sheria hizo, kukitembelea kikundi. Nikampelekea shali. Akahesabu mizunguko kwa ukucha, akasema wengi hupenda mwanamume ndiye afunge, lakini mwanamke akishafunga, walimu wengi wanavikubali.

"Kwa hiyo walimvua bure?"

"Bibi, hawakuwa na mtu wa kumuuliza."

"Simu walikuwa nazo mifukoni, wote."

Akalikunja shali langu, akanirudishia.

Kitu kimoja aliniomba mume wangu, na hakukipata. Wao ndio waliomvua, mdomo ulikuwa wangu. Lakini uongo aliuanza yeye, na mpaka leo nikipalilia kaburi lake, neno samahani halinitoki.