Albamu ya Elinami Haijafika Tengeru

Elinami ni mtoto wa Tengeru, Arusha, na kwa miaka yote niliyomfahamu hapa Guangzhou kazi yake ni moja: kununua suruali za jinzi Xintang, kwenye viwanda vyake, na kuwasafirishia wafanyabiashara wa nyumbani. Muziki wa kantri ni tatizo lake la pembeni. Anavaa kofia pana na buti za ngozi katika joto la mwezi wa saba, Wachina wanampiga picha kwenye treni, na ukimuuliza kama haoni joto anakujibu kwamba analiona. Mimi ni Nelly, nanunua magauni, na nimeitikia nyimbo zote za albamu yake isipokuwa mmoja aliosema hauhitaji mwanamke.

Mapenzi hayo aliyarithi kwa baba yake, Mzee Thadeo, ambaye kila Jumapili akitoka kanisani aliweka redio dirishani akasikiliza kantri mpaka ng'ombe wadai kukamuliwa. Mzee hajui Kiingereza. Alisema tu kwamba wale watu wanalia kistaarabu. Elinami akamwahidi albamu nzima ya Kiswahili, na ahadi ikalala mpaka mwaka jana, dada yake Felisia alipopiga simu kusema sikio la kushoto la baba limekufa na la kulia linafuata, na daktari hana la kufanya. Siku hiyo Elinami hakwenda Xintang. Kesho yake akaanza kurekodi.

Tulirekodi chumbani kwa Adrian, mwanafunzi wa Kikongo mwenye kompyuta nzuri na jirani mkali. Kuta tulizifunika kwa jinzi zilizokataliwa na wateja, nami niliimba viitikio vyangu nikiwa nimetazamana na zipu. Albamu ikaitwa *Nitarudi Mvua Ikianza*. Singo ya kwanza, "Banda Halina Mlango", ilikuwa nzuri. Nasema hivyo ingawa mwenyewe aliiimbia puani, kama mtu aliyezaliwa Texas akiwa na mafua.

Kilichofuata kingeweza kufanywa na mfanyabiashara wa Guangzhou tu. Hapa sampuli haionyeshwi ovyo. Unaibeba kwenye mfuko mweusi, unamfunulia *laoban*, yaani tajiri wa kiwanda, mlango ukiwa umefungwa, na ukiona mtu kashika simu unaikunja. Elinami aliwahi kubuni mfuko wa nyuma wenye mshono wa pembe za ng'ombe. Mtu akaupiga picha, na kabla mzigo wake haujatoka kiwandani mfuko ule ulikuwa umejaa maduka ya Guangyuan Xilu, soko letu la nguo la ghorofa, kwa bei ya chini kuliko yake. Tangu hapo haamini mtu. Kwa hiyo singo ilitoka kwa kufichwa. Waliotaka kuisikia walikwenda kwake, wakaacha simu mezani, wakavaa hedifoni, naye akawakodolea macho mpaka wimbo uishe. Singo ya pili alinificha hata mimi niliyeiitikia.

"Mtumie baba kwa simu," nilimwambia.

"Nikituma kwa simu, Felisia atamrushia mwenzake wa kwaya, na jioni wimbo uko Nairobi, mtu mwingine kavaa kofia."

"Baba yako anakuwa kiziwi, Elinami."

"Najua, dada. Ndiyo maana nimeshatuma."

Alikuwa ametuma kwa meli. Albamu nzima ilikuwa kwenye flashi, flashi mfukoni mwa suruali, suruali katikati ya robota, na robota ndani ya kontena bandarini Huangpu. Nikamuuliza kontena linaondoka lini. Akasema linasubiri kujaa. Nilikasirika mpaka nikashindwa kumaliza chai yangu.

Kontena likajaa, likaondoka, likafika Dar es Salaam, na huko likakaa. Elinami akawa anampigia wakala kila asubuhi, na wakala anamjibu kwa utulivu wa mtu ambaye baba yake anasikia. Nilivumilia mpaka Felisia aliponiambia mzee haisikii tena kengele ya kanisa. Nikaenda kwa Adrian, nikachukua singo ya kwanza, nikamtumia Felisia. Nikamwomba asimwambie mzee ni nani anayeimba, maana hilo nilitaka aambiwe na mwanawe. Ruhusa sikuomba, na radhi sijaomba mpaka leo.

Simu ya Felisia ilinikuta Guangyuan Xilu. Nilikuwa na Elinami, tunabishana na mwenye duka aliyetujibu *mei you*, hakuna, kwa kila kitu, hata kwa vilivyokuwa vinaning'inia juu ya kichwa chake. Felisia akasema mzee anataka kuzungumza nami na simu anamshikia sikioni, nami nikaweka spika.

"Shikamoo, baba," nilipaza sauti.

"Marahaba, mwanangu. Felisia ameniwekea ule wimbo sikioni. Nimelia."

Elinami akaitazama simu, kisha akanitazama mimi. Nilijiandaa kutukanwa.

"Huyo mwimbaji anawajua ng'ombe," mzee akaendelea. "Yuko huko huko kwenu?"

"Yuko, baba," nikapaza sauti tena.

"Basi muulize kama anamfahamu mwanangu Elinami. Akimwona, amwambie anipigie mwenyewe. Suruali zinatosha. Nataka nimsikie kabla sikio halijafunga."

Elinami akanipokonya simu. "Baba, ni mimi."

"Nani? Sauti siitambui."

Akarudia kwa kelele, watu wa ghorofa nzima wakageuka, na mzee akauliza tena ni nani. Uchungu ulinishika, nikageukia ukutani. Ndipo nikamsikia anaimba. Aliimba "Banda Halina Mlango" bila gitaa, na pua yake safari hii hakuitumia. Aliimba kama watu wa Tengeru wanavyoimba wakiwa peke yao zizini, na wachukuzi wenye marobota wakasimama kwa kuwa njia ilikuwa imeziba.

Ubeti wa kwanza ulipoisha, mzee hakungoja wa pili.

"Elinami," mzee akasema. "Umekula leo?"