Siku Niliyosema Amemaliza Kulipa

Mdogo wangu alifariki hospitalini siku ya Jumanne, majira ya baridi ya mwaka wa pili wa korona, na swali la kwanza aliloniuliza baba halikuwa kama aliteseka. Aliuliza kuhusu deni la chuo la mwanawe. Nilikuwa nimesimama jikoni kwetu Blacktown, Sydney, simu ya hospitali imekatika sasa hivi, na mzee ananitazama kama karani anayesubiri risiti. Nilitaka kumrushia sufuria. Mungu anisamehe, nilitaka kweli.

Lakini baba yangu namjua. Alipokuwa na miaka kumi na tano, huko Uvira, walimzika babu, yaani baba yake, na kabla udongo haujatiwa kaburini msemaji wa familia akauliza, kama ilivyo desturi, nani anamdai marehemu. Akasimama mwenye duka mmoja, akataja kiasi. Wajomba wakaanza kuchunguza viatu vyao. Kaburi likabaki wazi mpaka baba akainua mkono na kusema deni hilo ni lake. Alimbebea yule mtu mizigo miaka minne na shule hakurudi tena. Sisi tulikua na habari hiyo, kwanza kwenye kambi ya wakimbizi Kigoma, baadaye hapa Sydney, na nyumbani kwetu hata chumvi hatukukopa kwa jirani.

Sasa mchukue mtu huyo, umwambie kwamba mwanawe wa pekee wa kiume, aliyehitimu uhasibu mbele ya kanisa zima lililokuja kupiga vigelegele, anadaiwa na serikali ya Australia maelfu ya dola. Hakulala siku tatu.

Mdogo wangu alijaribu kumweleza. Nilikuwepo, nachambua mboga. Alisema mkopo huu hauna mtu wa kuja kugonga mlango. Mshahara wako ukifika kiwango fulani, wanakata kidogo kupitia kodi. Usipofika, hawakati kitu, hata ipite miaka ishirini. Kila mwaka deni linapanda kidogo kufuata bei za vitu, basi. Wenzake aliosoma nao walikwenda kutembea kisiwani Bali na madeni yao, wala hawakuyafikiria.

"Na kuna namna ya kusamehewa?" baba akauliza.

Ipo, alisema. Mwalimu anayekwenda kufundisha mbali kabisa huko bara, miaka minne, anaweza kufutiwa. Mwanafunzi aliyeugua vibaya katikati ya muhula akaacha masomo anaweza kuomba afutiwe masomo yale, akipeleka barua za daktari. Mhasibu mwenye afya njema hana mlango wake.

"Except one, Papa. Nikikufa wanafuta. It's written there. Watachukua tu ile ya kodi yenye ilikuwa imefika, the rest is gone."

"Serikali gani inasamehe mutu bure?" baba akasema. "Unionyeshe mutu moja mwenye alisamehewa, nimuone na macho."

"Wote wako makaburini, Papa. Nitakupeleka Rookwood uongee nao."

Mimi nilicheka mpaka nikaangusha kisu. Baba hakucheka. Alisema hatakubali mtu asimame kwenye kaburi la mtoto wake, na kwamba kama deni halina haraka, yeye anayo.

Basi mimi, dada mtu, mwenye kujua kila mtu kanisani, ndiye niliyemtafutia kazi ya ziada. Nilimpigia msimamizi mmoja wa ghala upande wa Fairfield, tuliyewahi kusali naye, na wiki hiyo hiyo mdogo wangu akaanza. Mchana alifanya kazi yake ya ofisi akiwa chumbani, kwa sababu ofisi zilikuwa zimefungwa. Saa kumi jioni alivaa fulana ya rangi ya machungwa na kwenda kupanga maboksi. Kila baada ya wiki mbili alipeleka malipo ya hiari, yaani pesa ambayo hakuna aliyemwomba, kisha anampa baba simu aone risiti. Baba alivaa miwani, akasoma tarakimu kwa sauti, akambariki. Sitadanganya, nyumba ilikuwa na raha siku hizo. Nilimtania mdogo wangu kwamba yeye ndiye mhasibu pekee Sydney nzima asiyejua hesabu, naye alisema anajua sana, ila analipia usingizi wa mzee.

Ndipo ugonjwa ulipoingia upande wetu wa jiji. Wa ofisi walibaki nyumbani, wa maghala walitakiwa kazini, maana watu waliofungiwa ndani walikuwa wakiagiza vitu usiku na mchana. Chanjo ya vijana wa umri wake ilikuwa bado ya kusubiri foleni. Helikopta ya polisi ilizunguka juu ya mapaa yetu, siyo ya wale matajiri wa ufukweni. Mdogo wangu alirudi na kikohozi siku ya Alhamisi. Jumatano iliyofuata walimchukua na gari la wagonjwa, na mara ya mwisho nilipomwona ilikuwa kwenye kioo cha tableti iliyoshikwa na nesi, na alikuwa haongei.

Kwa hiyo baba aliponiuliza pale jikoni, "Na ile deni?", nilijua majibu yaliyopo. Kweli ilikuwa kwamba limefutwa, kama mtoto alivyomwambia. Na nikimwambia hivyo, kitakachofuata atakigundua yeye mwenyewe: kwamba alimtuma mwanawe ghalani kulipa kitu ambacho hakuna aliyekidai.

"Alimaliza, Papa," nikasema. "Alimaliza mwezi uliopita. Alitaka kukushtukiza."

Baba akashusha pumzi, akavuta kiti akakaa. Ndipo akalia.

Wiki ile nilipiga simu ofisi ya kodi kuripoti kifo. Dada aliyepokea alikuwa na sauti ya upole, akanipa pole, akaniambia niwasilishe kodi yake mpaka siku aliyofariki, na kilichobaki cha mkopo kitafutwa. Hakuna fomu ya kuomba wala wa kumpigia magoti. Ilichukua dakika kumi na mbili, na nyingi kati ya hizo zilikuwa za muziki.

Mazishini tuliruhusiwa watu kumi tu. Wengine wote walitazama kwenye simu, na simu ya kuwarushia picha niliishika mimi. Mchungaji alipomaliza, baba hakumwachia msemaji yeyote. Alisimama pembeni ya kaburi, barakoa imemshuka kidevuni, akauliza yeye mwenyewe: nani anamdai mtoto wangu? Wale wafanyakazi wa makaburi walisubiri na mashine yao bila kuelewa chochote. Upepo ulikuwa mkali. Baba alisubiri muda mrefu kuliko inavyohitajika, halafu akageukia simu, yaani akanigeukia mimi.

"Munaona? Hakuna mutu. Mutoto yangu alifanya kazi mbili, akalipa serikali yote, akaenda kwa Mungu mikono safi. Vijana munanisikia? Mufanye kama yeye."

Chini ya picha maneno yakaanza kupanda: Amina, Amina, mioyo myekundu, mikono ya kusali, watu wa Blacktown, watu wa Macquarie Fields, hata waliobaki Kigoma. Nilikuwa nimeshika simu ile, nayasoma. Uongo wangu ulikuwa wa mtu mmoja, jikoni. Sasa umekuwa mahubiri.

Nilijiambia watu husahau. Hawakusahau. Baada ya wiki mbili akapiga simu mama mmoja wa kanisani, wa Macquarie Fields. Nilikuwa nakanda unga, mikono imejaa, nikaweka simu mezani kwa sauti kubwa. Baba alikuwa upande wa pili wa meza na chai yake.

"Dada, pole tena," akasema yule mama. "Ile maneno ya Papa ilitugusa sana. Mutoto yangu iko mwaka wa tatu ya nursing, na yeye iko na ile loan. Nilimuambia aanze kulipa sasa, asingoje. Munisaidie apate kazi kwenye ile depo, ile ghala ya mudogo yako."

Binti huyo nilimfundisha kanisani alipokuwa hana meno ya mbele.

"Muzuri sana," baba akasema kwa sauti, ili asikike. "Umupatie namba ya ule chef, musimamizi wa depo."

Namba ilikuwa kwenye simu ile ile, umbali wa vidole viwili. Nilimtazama baba. Alikuwa amekonda, lakini tangu mazishi alikuwa anakula, anaoga, anaamka. Nilijua ninachokwenda kukivunja, na nilimwonea huruma kuliko nilivyowahi kumwonea mtu. Lakini yule binti alikuwa hai.

"Mama," nikasema, "usimpeleke. Ile loan haina haraka. Atalipa polepole akipata kazi, na isipowezekana hakuna atakayemfuata. Mdogo wangu hakumaliza. Mimi nilidanganya. Alikufa anadaiwa, na serikali ikafuta, kama alivyosema mwenyewe."

Yule mama akasema atapiga baadaye, akakata.

Nilingoja baba anipigie kelele. Ningefurahi anipigie kelele. Alizungusha kikombe chake mara moja, mara mbili.

"Ilibakia ngapi?"

Nikamtajia. Ilikuwa zaidi ya nusu.

"Na yote bameifuta."

"Yote, Papa."

"Na ile alilipa? Ile ya depo. Batairudisha?"

"Niliuliza. Hawarudishi."

Akatikisa kichwa kidogo, kama mtu anayeelezwa njia na kuielewa. Niliosha mikono ili nipate mahali pa kutazama. Nilipogeuka alikuwa ameinuka, ananisogezea simu.

"Unipigie ule mama tena."

Nikapiga. Ilipopokelewa aliishika kwa mikono miwili, karibu sana na mdomo, na hakusalimu.

"Mama, mutoto asiende kule," akasema. "Wangu alinieleza yote. Ni mimi nilikataa kusikia."