Panga Nililokataa Kulipitisha Motoni

Siku ile naikumbuka vizuri mno, mwanangu, ingawa ningependa kuisahau. Tulikuwa tumemaliza matanga ya baba hapa Nyakakika, na mimi mrithi nikakabidhiwa panga lake mbele ya ukoo. Ee, nilivyojidai nalo! Nililinoa mpaka likawa linanyoa nywele za mkono.

Miaka hiyo mnyauko wa migomba ndio kwanza unaingia kwetu. Bwana shamba akaja kutuonya kwamba ni bakteria, hawaonekani kwa macho, na wanasafiri na utomvu unaobaki kwenye panga. Akasema kila ukitoka mgomba mmoja kwenda mwingine, panga lipite motoni kwanza. Nikamcheka waziwazi. Panga likichomwa si linapoteza makali? Nichome panga la baba? Thubutu!

Kumbe kibanjani kwangu, shamba la migomba nililorithi, mashina mawili yalikuwa yameshaanza kunyauka. Niliona aibu, majirani wasije wakasema kibanja cha marehemu kimenishinda hata kaburi halijakauka. Nikakata yale majani ya njano, nikayaficha, nikanyamaza. Siku hiyohiyo, na panga lilelile, nikaenda kumpogolea migomba Bibi Kokugonza, mjane jirani yetu aliyekuwa akilea wajukuu watatu. Kwetu kijana mwenye adabu hangoji kuitwa na mjane. Akanipa buni za kutafuna, akanishukuru sana.

Haikupita miezi mingi, kibanja chake kikaanza kufa. Mikungu inaiva kabla ya wakati, ukikata ndizi, ndani imeoza, ina rangi ya kutu. Bwana shamba akaja, akakata shina, ukatoka uji wa njano kama usaha. Akauliza, "Bibi, panga la nani limepita humu?"

"La huyu kijana wangu tu. Ndiye anayenisaidia."

Bwana shamba akanitazama. Nikainamisha kichwa. Bibi akaja juu: "Usimtazame hivyo mtoto wa watu! Bila yeye ningekuwa wapi?"

Mwanangu, badala ya kusema kweli, nikachukua jembe. Nikamsaidia kung'oa migomba yake yote, naye akiniletea maji ya kunywa. Chakula cha wale watoto kikaishia hapo. Akawachukua, akaenda Kamuli kwa binti yake, kulima vibarua uzeeni. Siku ya kuondoka nikamwamkia, "Shikamoo, bibi." Akanishika kichwa, akasema, "Marahaba. Mungu aibariki mikono yako." Mikono hii! Nilikwenda nyuma ya nyumba nikalia.

Kwa hiyo sikiliza, mwanangu. Panga lipitishe motoni, au lioshe kwa jiki kama mnavyofanya siku hizi; makali yakipotea utalinoa tena. Mgomba ukiugua, waambie majirani siku hiyohiyo, na panga lako lisivuke mpaka wa kibanja chako. Aibu ni ya siku chache tu. Njaa ya wale watoto mimi ninayo mpaka leo.

Na ukimkosea mtu, nenda ukamwambie angali hai. Mimi nilijivuta miaka na miaka. Siku nilipojikaza nikafunga safari ya Kamuli, nikakuta waombolezaji wa Bibi uwanjani, na binti yake akanipokea kwa kunishukuru jinsi nilivyomsaidia mama yake.

Mungu akujalie kibanja chenye kulisha wengi, mwanangu, na akupe moyo wa kusema "ni mimi" mapema, mwenye kukusamehe akiwa bado yupo.