Bafta ya Mhadhara wa Ukoo

Ilianza Jumatano, saa nane na robo mchana, kengele ya mwisho ikiwa bado inalia. Nilikuwa kidato cha tatu. Mwalimu wa historia aliweka kiganja mlangoni ili tusitoke, akatazama safu ya dirishani, akaninyooshea chaki.

"Mhadhara wa ukoo utautoa wewe."

Darasa likacheka. Hawakunicheka kwa ubaya. Walicheka kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nikinyoosha mkono wakati wa kuita majina badala ya kuitika, na mara mbili nilikuwa nimeandikwa sipo, nami nipo nimekaa. Lakini insha yangu juu ya ukoo wetu ilikuwa imempendeza mwalimu. Alikuwa ameazima mashine ya slaidi kutoka ofisi moja ya elimu ya watu wazima, na Alhamisi ya wiki iliyofuata wazazi wangekuja shuleni kusikiliza.

Mvulana wa nyuma akauliza, "Mwalimu, ukoo si ndio ukabila tuliokatazwa?"

"Kumjua bibi yako kumekatazwa lini?" mwalimu akajibu, akaondoa mkono mlangoni.

Usiku ule niliandika kwenye daftari langu la siku: nitaugua Alhamisi. Sikuandika ugonjwa gani, nilikuwa bado sijauchagua.

Kutengeneza slaidi kulinipendeza kuliko kusema. Mwalimu alipata filamu kuukuu, akaziroweka kwenye maji ya magadi mpaka weusi ukatoka, zikabaki ngozi safi zinazoonyesha upande wa pili. Tulizikata vipande vidogo, nikachora kwa kalamu ya wino yenye ncha nyembamba, kisha tukavibana katikati ya makadi tuliyotoboa dirisha. Mkono ukitetemeka kidogo tu, kwenye ukuta unaonekana mtetemeko mkubwa kama mto. Nilirudia jina la babu wa babu yangu mara nyingi hadi herufi zikatulia.

Tatizo lilikuwa namna ya kuupanga ukoo. Kitabu cha mwalimu kiliuchora kama mti. Nilimwonyesha bibi, mama yake baba, aliyekuwa akisuka ukili uani kwetu. Akautazama mti ule, akaurudisha.

"Mimi niko wapi hapa?"

"Kwenye tawi hili, bibi."

"Tawi likikatika?" Akanivutia ule ukili, utepe mrefu wa mkeka uliokuwa umezunguka miguuni mwake. "Tazama. Jani hili linaishia hapa. Kabla halijaisha nimeshachomeka lingine. Huoni lilipoanzia, lakini lipo. Chora hivi."

Nikachora hivyo. Slaidi tisa, zote ukili, na kila penye kuchomekwa jani jipya nikaandika jina. Kabla ya hizo tisa niliweka picha ya marehemu babu. Mpiga picha wa mtaa wa pili aliipiga upya kutoka ile ya ukutani akaitoa kwenye filamu ndogo. Baada ya zote niliweka kadi tupu. Mwalimu alisema mwisho wa mhadhara uachie watu mwanga, wasigongane wakitafuta viatu vyao.

Akanifundisha pia kuzipanga. Slaidi huingia kwenye mashine kichwa chini na kulia kushoto, kwa hiyo kila moja niliitia nukta nyekundu mahali dole gumba linaposhika. Akanifundisha nisiusemeshe ukuta, niwasemeshe watu; nisisome kilichoandikwa, maana nao wana macho. Nukta nilizielewa siku hiyo hiyo. Hilo la watu lilinikosesha chakula.

Aliyenikosesha zaidi alikuwa mtani wetu. Sisi Wazaramo, yeye Mnyamwezi, mzee mrefu aliyewahi kubeba mizigo bandarini, sasa anakaa nyumba ya tatu kutoka kwetu na hana kazi ila kututania. Kila asubuhi nikienda shule: "We mke wangu, chai yangu iko wapi? Au Wazaramo mmeshakunywa hadi birika?" Mimi nilimwamkia shikamoo na kuongeza mwendo. Bibi alikasirika. "Mtani anajibiwa. Ukimnyamazia anadhani umemchukia." Nilijua. Maneno hayakutoka tu.

Jumatano, siku moja kabla, mwalimu akakumbuka kwamba kuta za darasa ni za kijani. Ilitakiwa nguo nyeupe, pana, mpya. Shuka zetu nyumbani zote zilikuwa na maua. Mama akanipa pesa niende Kariakoo.

Siku hizo nguo zilikuwa adimu. Nilizunguka maduka manne, meza zote tupu. La tano muuzaji alikuwa mzee wa kofia, na barazani kwake fundi cherehani akishona kaptura za shule. Niliomba bafta nyeupe, na kwa woga sikusema ya nini. Mzee akanitazama usoni. Sijui aliona nini. Nilikuwa sijala tangu asubuhi. Akainama chini ya meza akatoa jora lililofichwa.

"Poleni sana, mwanangu."

Hapo ndipo palipokuwa pa kusema. Nilijua anachofikiri. Kila mtu Kariakoo alijua bafta ya chini ya meza inatunziwa wafiwa. Ilitakiwa niseme maneno matatu, hatuna msiba, mzee. Nikafungua mdomo, ikatoka:

"Tumeshapoa."

Akapima, akaichana kwa mikono bila mkasi kama inavyochanwa sanda. Akaikunja, ndani akatia kikaratasi cha kafuri ya kumtia maiti. "Hiyo ni sadaka yangu. Mwambie baba yako Mungu awape subira." Fundi naye akasimamisha cherehani mpaka nilipotoka.

Nyumbani nilimwambia mama nguo imepatikana. Nilitoa kile kikaratasi nikakificha kwenye mkoba wa shule, nikaianika bafta dirishani usiku kucha ipigwe na upepo.

Alhamisi saa kumi tulifunika madirisha kwa magunia. Wazazi walikuwa wamejaa kwenye madawati ya watoto wao, magoti juu. Bibi alikaa mbele na kanga zake za Idi. Mtani alikuwa nyuma kabisa. Hakualikwa, lakini mtani haalikwi. Mwalimu akaitundika bafta, akaikung'uta ikunjuke.

Upepo wa usiku mmoja ulikuwa haujatosha. Harufu ya kafuri ilitoka ikajaa chumba kizima.

Niliwaona wanawake wa mbele wakivuta kanga puani. Mwalimu, ambaye alikuwa mtu wa bara na mawazo yake yote yako kwenye mashine, hakutambua kitu. Akawasha. Babu akatokea. Hakuwa kichwa chini. Wiki nzima nilikuwa nimeogopa hilo, na sasa alikuwa wima, mkubwa, anatutazama kutoka kwenye sanda.

Mtu akasema taratibu, "Inna lillahi." Bibi akageuka.

"Mjukuu wangu, nguo hii umeitoa wapi?"

Nilikuwa na sentensi ya kwanza niliyoikariri wiki nzima. Haikuwepo. Mwalimu akanong'ona, "Endelea," na mimi nikaanza kuupima mlango kwa macho.

"Wazaramo hawa," sauti ikatoka nyuma. "Mtu tumemzika vizuri, kaburini nimeingia mimi mwenyewe kumpokea. Leo wamemfukua wanamwanika."

Kuna aliyekohoa, kikohozi cha kuzuia kicheko.

"We mke wangu, nasema na wewe. Hiyo nguo mtani ndiye mwenye haki nayo. Nijibu, ama naibeba sasa hivi naenda kulalia."

Watu wote wakanitazama. Hawakunitazama kama mhadhiri. Walisubiri kitu ambacho mtoto yeyote wa mtaani kwetu anakijua, jibu la mtani. Sikulitafuta. Lilitoka lenyewe.

"Ungoje zamu yako, babu. Hii fupi. Ukilazwa humu miguu yako itabaki nje."

Chumba kikapasuka kwa kicheko. Mzee wa mbele alipiga dawati. Bibi alifunika mdomo kwa kiganja, mabega yakimtikisika, na nilipomwona hivyo nikajua naweza kuendelea. Nikawaambia huyu ni babu yangu, na kabla yeye hajaisha alichomekwa baba. Mwalimu akasukuma slaidi. Nikasema. Akasukuma nyingine, nikasema. Sauti ilitetemeka mpaka slaidi ya nne. Baada ya hapo ilitetemeka pia, ila sikuisikiliza.

Tulipofika kwenye kadi tupu, bafta ikawa nyeupe tu. Mtani akainuka.

"Umemaliza? Na sisi tunaowazika, tumo wapi kwenye mkeka wenu?"

Hakuwa anatania sasa, au alikuwa anatania nusu. Sikuwa na slaidi yake, nikamwambia hivyo. Kisha nikamwambia, "Njoo usimame hapa, babu, kwenye mwanga."

Akaja, akijidai anachechemea. Kivuli chake kikaangukia nguo ile, kirefu, kimenyooka, na miguu ikapita pindo la chini ikaishia kwenye ukuta wa kijani. Watu walicheka tena mpaka wengine wakatoa leso.

Usiku bibi aliniuliza mara ya pili nguo nimeitoa wapi. Nikamweleza yote. Hakunigomba. Alisema, "Huko Kariakoo kuna mtu anamwombea maiti ambaye hayupo," akaendelea kusuka.

Ijumaa asubuhi, kabla ya shule, niliikunja bafta kwa mikunjo yake ile ile, nikarudisha kikaratasi cha kafuri ndani, nikaenda. Duka lilikuwa ndio kwanza linafunguliwa, na mbele yangu walisimama wanawake wawili. Nilingoja wahudumiwe. Nikaweka nguo juu ya meza.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mmezika salama?"

Nikasema. Fundi alikuwa ameshaanza kazi. Cherehani ililia juu ya maneno yangu. Mzee akaweka mkono sikioni.

"Sema kwa nguvu, sikusikii."

Wale wanawake wawili walikuwa bado hawajaondoka. Nikavuta pumzi.

"Nimesema hatukuwa na msiba, mzee. Nilikuwa na mhadhara."